Toa Mguu

Dawa ya presha ya mama mkwe wangu iliisha siku ambayo mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mapaa tangu mchana, na mama mkwe wangu si mtu wa kuambiwa "kesho". Alikishika kichupa, akakitikisa karibu na sikio, akanitazama.

"Mama Kinda, humu imebaki harufu tu."

Nikachukua funguo za gari. Duka la dawa haliko mbali, na nilidhani nitarudi kabla binti yangu hajaepua chungu. Binti yangu ndiye Kinda. Jina hilo alipewa na baba yake siku aliyozaliwa, kwa ile shingo nyembamba na mdomo uliokuwa wazi muda wote, na mpaka leo, mtu mzima mwenye leseni, bado anaitwa hivyo.

Gari ni la shule ya udereva. Mume wangu alikuwa anafundisha udereva, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mama yake mzazi akiwa amemkasirikia. Ndani ya gari hilo, upande wa abiria, chini pale unapoweka miguu, kuna breki ya pili. Ni ya mwalimu. Mwanafunzi akiduwaa, mwalimu anakanyaga ya kwake na gari linasimama. Pedeli ya mwalimu ikishuka, ya dereva inashuka nayo. Ya dereva ikishuka, ya mwalimu haitikisiki. Naomba ulishike hilo.

Mwalimu alikuwa amekufa msimu wa mvua uliotangulia, kwenye kona ya tanki la maji, akiwa na mwanafunzi. Lami ilikuwa imejaa maji, matairi yakaacha kushika, gari likaenda kujibamiza ukutani. Shemeji yangu, mdogo wake Mwalimu, ana bredauni. Yeye ndiye aliyelivuta gari, yeye ndiye aliyeshughulikia polisi na hospitali, yeye ndiye aliyelipeleka gari gereji likanyooshwa na kuwekewa mlango wa dereva wa gari lingine, mlango wa kijani kwenye gari jeupe. Mimi nilikaa chini msibani, watu wakanishika mikono mmoja baada ya mwingine, na sikusikia kitu. Walisema nina moyo mgumu. Haikuwa hivyo. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaujua ni wako, unaugusa, na wenyewe haujui kama umeguswa.

Yule mwanafunzi hakufa. Alikuwa fundi saa, mtu mzima, mpole, mwenye mikono inayoweza kushika springi nyembamba kama unywele bila kutetemeka. Lakini mweke kwenye gari! Jani likipita, breki. Kuku akikohoa uani kwa watu, breki. Mume wangu alimpa jina Bwana Breki, na wakati wa chakula cha jioni alikuwa akituigiza anavyokanyaga, mguu umenyooka, macho yamemtoka, mpaka Kinda anapaliwa na maji. Niliambiwa kwamba baada ya ajali hatembei wala haongei, yuko kwa dada yake. Sikwenda kumwona. Aliyeniulia mume nikamjulie hali ya nini?

Basi. Nilipotoka duka la dawa, matone yalikuwa yameanza.

Yalikuwa makubwa, yameachana, yanagonga bati la gari bila haraka. Nikawasha waipa. Ya upande wa abiria ilikuwa imekwisha mpira, ikawa inalia... nyii... nyii... Kufika juu ya kona ya tanki, mvua ikafunguka yote. Barabara pale inashuka, inapinda chini ya tanki la maji la mji, na mtaro ukiwa umeziba, maji yote ya mlimani hukatiza lami mahali hapo. Sikuwa naenda mbio. Ila matairi yangu yalikuwa vipara.

Kwanza sauti ilikatika. Ule mvumo wa matairi juu ya lami, ambao hujui kama unausikia mpaka uishe, uliisha. Usukani ukawa mwepesi mikononi. Nikaupinda kidogo. Gari halikujibu.

Nilikuwa naelea.

Mume wangu alikuwa na maneno yake kwa saa hiyo, ameyasema mpaka mate yamemkauka. "Maji yakishakunyanyua, wewe si dereva tena, wewe ni abiria. Breki usiiguse. Toa mguu, shika usukani, subiri barabara irudi." Nikatoa mguu. Nikasubiri.

Halafu nikasikia... tk.

Upande wa abiria. Chini.

Niligeuza macho tu, kichwa hakikugeuka. Kiti kilikuwa kitupu. Pale chini, pedeli ya mwalimu ilikuwa inashuka. Polepole kwanza, kisha kwa nguvu, mpaka sakafuni, na ya kwangu ikashuka nayo ikiuacha mguu wangu hewani. Gari likazunguka. Niliona tanki, niliona ukuta, nikaona tena tanki. Likasimama limetazama kule nilikotoka, injini imezima, waipa zimeganda katikati ya kioo.

Ndani kulikuwa na harufu. Mafuta mepesi, kama yale ya cherehani.

Sikuogopa. Ningekuwa mtu kama watu wengine ningefungua mlango nikakimbia. Mimi niliweka mkono juu ya kile kiti, nikakikuta kina joto, kama mtu ameinuka sasa hivi.

"Upo?" nikanong'ona.

Tk.

Pedeli ilishuka kidogo, ikarudi juu. Nikalia. Ndiyo mara ya kwanza nililia tangu mazishi, na nilifurahi kulia.

Nyumbani mama mkwe alipokea dawa yake, akanivuta mkono karibu na pua.

"Mbona unanuka cherehani?"

"Gari bovu lile, mama."

"Gari lile lina mwenyewe," akasema, akameza kidonge bila maji. "Nimewaambia liuzwe, mnaniona nimezeeka."

*

Kuanzia hapo mawingu yakijikusanya tu jioni, mimi nakumbuka kwamba nyumbani hakuna chumvi. Ikiwepo chumvi, hakuna sukari. Ikiwepo sukari, nina kiu ya kuangalia kama mtaro umezibuliwa. Kinda akawa ananitazama kwa pembe ya jicho.

Fundi tairi aliyekuwa akimhudumia mume wangu alinisimamisha siku moja pale kwake. Aliinama, akapitisha kidole gumba juu ya tairi, akacheka bila kufurahi.

"Mama, hizi si tairi, hizi ni ndala. Ukikanyaga sarafu utajua upande gani uko juu."

"Mwezi ujao, fundi."

"Mvua haijui mwezi ujao."

Sikubadilisha. Matairi mapya yana mifereji, mifereji inakamua maji, gari linashika lami. Nilikuwa sitaki lishike. Nilijua mwendo wa kuingia nao pale kwenye kona, mdogo kiasi kwamba gari likizunguka halifiki ukutani. Sauti inakatika. Usukani unakuwa mwepesi. Na katika kimya kile nauliza, "Upo?" Halafu, tk. Nilimweleza kwamba Kinda amefaulu mtihani wa barabarani mara ya kwanza. Nilimweleza kwamba bati la jikoni linavuja. Siku nyingine nilimwambia tu kwamba nimemkumbuka, na pedeli ikatetemeka muda mrefu kama mtu anayetaka kusema kitu.

Nikirudi nyumbani ganzi inarudi pale pale. Nakula, sijui nimekula nini. Nacheka kwa sababu wenzangu wamecheka.

Kuna jambo moja lilikuwa linanisumbua. Mume wangu hakuwahi kukanyaga breki juu ya maji. Alikuwa mkali wa jambo hilo kuliko kitu chochote duniani. Sasa kwa nini kila gari linapoelea, yeye anakanyaga mpaka chini? Niliona jambo hilo, nikalifunika. Mwenye njaa hachunguzi sana sufuria.

*

Mama mkwe ndiye aliyenisukuma kwenda.

"Mwaka unakatika hujamjulia hali yule mgonjwa," alisema, anachagua mchele. "Aliyekufa ni mwanangu, na mimi nimekwenda."

"Mama, yeye ndiye aliyekuwa anaendesha."

Akaokota jiwe kwenye ungo, akalitazama kama limeandikwa kitu.

"Nenda tu, mwanangu," akasema.

Ikapatikana siku. Kulikuwa na jua kali na mbingu nyeupe, ndiyo maana sikusita kumpa Kinda funguo. Angenishusha kwa dada wa fundi saa, aendelee mpaka kliniki kumchukua bibi yake, kisha wanipitie. Njia ya kurudi kutoka kliniki ni moja tu, ya tanki. Kabla sijafungua mdomo akainua kidole kama baba yake.

"Simu ikiita naendesha, iite. Najua, mama."

Nikaliangalia gari likiondoka na mlango wake wa kijani.

Dada yake Bwana Breki ni mwanamke mrefu, mkunga mstaafu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusema "sukuma" na ikasukumwa. Hakuonyesha kushangaa kuniona. Alinipitisha kwenye korido nyembamba iliyopangwa ndoo, akafungua mlango wa chumba cha nyuma.

Harufu ikanipokea mlangoni.

Mafuta mepesi. Ya cherehani. Nilishika fremu ya mlango.

"Ni mafuta yake ya saa," dada mtu akasema. "Nampaka mikononi na miguuni. Akiyanusa anatulia."

Alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha mbao, shuka mpaka kifuani, macho wazi yanatazama darini. Amekonda. Mikono yake iling'aa. Mezani kulikuwa na saa zake za ukutani ambazo wateja hawakurudi kuzichukua, zote zinakwenda, kila moja na majira yake. Nilitafuta ile hasira niliyokuwa nimekuja nayo nikaikosa. Nikasema pole. Nikakaa kwenye stuli.

Dada mtu alisimama dirishani. Aliongea akiwa amenipa mgongo.

"Wanasema amerogwa. Nimempeleka kwa waganga, nimempeleka kwenye maombi. Wote wanauliza, nani mnayekosana naye? Nami sina jibu." Akageuka. "Wewe umekuja kujua nini hasa?"

"Nimekuja kumwona tu."

"Umekuja kumwona aliyemuua mumeo."

Niliitazama ile mikono inayong'aa.

"Siku ile mvua ilikuwa kubwa," akasema. "Mumeo akamwonea huruma. Akamwambia, 'Pisha, leo nitaendesha mimi.' Wakabadilishana viti. Kaka yangu alinieleza mwenyewe hospitali, asubuhi ile, kabla sauti haijamkauka. Mumeo alikuwa kwenye usukani. Kaka yangu alikaa kiti cha mwalimu."

Mlango wa kijani. Niliufungua asubuhi na jioni, nikauegemea kusubiri watu. Mlango wa dereva ndio uliobondeka mpaka ukatupwa, na mimi sikujiuliza hata siku moja nani alikuwa nyuma yake.

"Kwa nini hamkusema?"

"Muulize shemeji yako. Alinipigia magoti. Ikijulikana mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa anaendesha, shule imekufa, na jina la kaka yake nalo. Kaka yangu haongei, hawezi kukanusha. Nikakubali."

Nilielewa yote palepale, na nilielewa kwa sababu nimeishi na kazi hii. Dereva mwingine yeyote akimhamisha mtu mwoga kutoka kwenye usukani, amemhamisha, yamekwisha. Mume wangu alimtoa Bwana Breki kwenye breki moja akamkalisha kwenye breki nyingine. Alikuwa amekaa na pedeli ile miaka mingi kiasi kwamba kwake ilikuwa sehemu ya mguu wake mwenyewe. Alisahau kwamba inabaki na kiti.

Na gari lilipoelea, mume wangu akatoa mguu. Akasubiri barabara irudi.

Yule mwingine akakanyaga.

"Kuna jambo linanitisha," dada mtu akasema. Sasa alikuwa ananong'ona. "Haongei. Madaktari wamesema hataongea. Lakini jioni za mvua anaongea. Neno moja tu."

"Neno gani?"

"Anasema, 'Nipo.' Analirudia. 'Nipo... nipo...' Sijui anamjibu nani."

Jioni zote zile. Chumvi na sukari. Bati linalovuja. Kumbe nilikuwa namweleza huyu. Mume wangu hakuja hata mara moja.

Tone likagonga bati.

Moja. Kisha jingine... la mbali.

"Haiwezekani," nikasema. Dirishani mbingu ilikuwa imegeuka rangi bila kutuaga. Nikatoa simu, nikampigia Kinda. Ikaita. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita.

Alikuwa anaendesha, kwa yale matairi yangu ya ndala.

Mvua ikaja yote kwa pamoja juu ya bati na zile saa zikamezwa. Dada mtu alikuwa amekwisha kufika kitandani. Alikuwa anavuta mto, anauweka kwenye ubao wa miguuni.

"Ndiyo saa yake," akasema. "Usiogope. Mto unazuia ubao usivunjike."

Niliutazama ubao. Ulikuwa na ufa, na alama ya kisigino iliyochimbika kwenye mbao.

Mguu wake wa kulia ulitikisika chini ya shuka.

Sikufikiri. Nililivuta shuka, nikautupa mto, nikaukumbatia mguu ule kwa mikono yote miwili, kifua changu juu ya unyayo. Ulikuwa wa baridi na mwembamba, mguu wa mtu asiyesimama. Dada mtu alinishika bega.

"Unafanya nini?"

"Binti yangu yuko kwenye gari lile."

Akashika paja.

Tulisubiri. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka naisikia kwenye meno. Bwana Breki macho yake yalikuwa darini, lakini yalikuwa yanafuata kitu kinachokuja. Niliona kinakaribia. Niliona anavyovuta pumzi na kuishikilia.

Halafu sauti ikakatika.

Mvua ilikuwa bado inanyesha, naiona dirishani, maji yanashuka kwenye kioo. Lakini hakukuwa na sauti. Na tumboni mwangu nikahisi ule wepesi, ule ule, usukani ukiachia.

Mguu ukasukuma.

Ulisukuma kwa nguvu ambayo haikuwa ya mgonjwa. Kisigino kiliniingia kifuani, nikasikia mbavu zinalalamika. Stuli ikaanguka. Nilitia magoti sakafuni nikausukuma nyuma, na ukasukuma tena, na nikajua kabisa kwamba kule mbele, mahali fulani kwenye maji, kuna pedeli inaanza kushuka.

"Toa mguu," nikamnong'oneza. "Bwana, toa mguu. Hujakosea. Toa tu. Subiri barabara irudi."

Midomo yake ikatikisika.

"...Inaondoka," akasema.

"Iache iondoke. Itarudi. Nakushika mimi. Toa mguu."

"Mwalimu..."

"Mwalimu amesema utoe."

Sijui ilichukua muda gani. Nilikuwa nalia, kamasi zinanitoka juu ya unyayo wa mtu nisiyemjua, nikirudia maneno ya mume wangu kwa sauti ya mume wangu. Na nilikuwa nahisi kila kitu. Ganzi haikuwepo. Ningeiomba irudi kama ningekuwa na nafasi.

Kisha mguu ukalegea.

Mvua ikarudi masikioni. Saa zikarudi. Bwana Breki akatoa pumzi ndefu, akafumba macho, na dada yake akasema kwamba tangu ajali hajawahi kumwona akiyafumba mvua ikinyesha.

*

Walifika giza halijaingia. Kinda alishuka anacheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

"Mama, gari lilielea pale kwa tanki! Sauti yote ikapotea. Nikatoa mguu kama baba alivyosema. Nikasubiri. Likarudi lenyewe!"

Nilimshika uso. Nikamshika mabega, mikono, vidole. Akadhani nimechanganyikiwa.

Mama mkwe hakuwa anacheka. Alikuwa bado ndani ya gari, kwenye kiti cha abiria, kiti cha mwalimu, mkoba wake mapajani. Akanifanyia ishara niiname. Nikainama dirishani.

"Kuna mtu alinikalia," akaninong'oneza. "Hapa. Mapajani. Mtu mzima, mzito. Mguu wangu ukaenda mbele wenyewe, Mama Kinda, naapa, miguu yangu hii isiyopanda hata ngazi. Ukalikuta lile lidude la chini, ukaanza kulikanyaga."

"Halafu?"

"Halafu mtu akaushika."

Alivuta gauni juu kidogo. Kwenye kifundo cha mguu kulikuwa na alama za vidole, nyekundu, za mikono miwili, na ngozi ilikuwa inang'aa. Sikuhitaji kunusa viganja vyangu. Nilivinusa hata hivyo.

Wiki ile ile shemeji alikuja na bredauni akalivuta gari kwenda kukatwa vyuma. Alipokuwa anafunga mnyororo nilimwambia, "Shemeji, mlango wa kijani." Alisimama. Akashindwa kuniangalia. Akaendelea kufunga mnyororo, na sijamuuliza tena. Shule tukaifunga.

Bwana Breki alikufa kiangazi, usingizini, amefumba macho. Tulikwenda wote kumzika. Nilirudi nyumbani mwepesi. Nikala, nikajua nimekula nini. Kinda akapata kazi ya kuendesha gari la kusambaza dawa, gari jipya, matairi yake unaweza kupotezea kidole kwenye mifereji, na lina breki moja tu kama magari yote. Nilimwambia mama mkwe kwamba sasa yamekwisha. Yeye akasema, "Hm."

Jana jioni mvua ya kwanza ya msimu ilikuja.

Tulikuwa jikoni, mimi na yeye, tunamenya viazi. Kinda alikuwa bado kazini. Matone yakaanza juu ya bati... moja... la mbali... Nikanyoosha mkono kuchukua kiazi kingine, na mguu wangu wa kulia ukafa ganzi.

Ganzi ya kweli, kutoka nyonga mpaka kidole. Niliugusa, haukujua kama umeguswa. Nikadhani nimeukalia vibaya. Nikataka kusimama.

Mguu ukanyooka mbele wenyewe. Ukaukuta ubao wa kabati. Ukaanza kusukuma.

Jikoni kukajaa harufu ya mafuta mepesi.

Mama mkwe aliacha kisu. Alinitazama usoni, akatazama mguu. Alijishusha chini kwa magoti yake yale mabovu, akishikilia meza, akiguna, akaukumbatia mguu wangu kwa mikono yote miwili na kuuweka kifuani pake. Ubao wa kabati ulikuwa unalia.

"Toa mguu, mwanangu," akasema.

"Siwezi, mama. Si mimi."

"Najua." Akakaza mikono. "Mpigie Kinda."

Nikapiga. Ikaita. Binti yangu akiwa anaendesha hapokei simu, ndivyo alivyofundishwa, na gari lake lina breki moja tu, ile iliyo chini ya mguu wake. Ikaita mpaka ikakata, na hapo sauti ya mvua juu ya bati ikakatika.